Kabla ya Pete, Waya

Mwanzoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, na hakujua abebe nini. Vitabu vya wasafiri waliomtangulia havikumfaa, ikambidi awaulize wafanyabiashara Waarabu walioijua njia ya bara. Wakamwambia: nguo, shanga na waya. Waya wa shaba ya njano alinunua frasila kumi, karibu kilo 160. Baadaye aliandika kwamba shanga huku ni kama senti za shaba, nguo ni kama fedha, na ukivuka Ziwa Tanganyika waya huhesabiwa kuwa dhahabu.

Anayetaka kuijua historia ya pete Tabora na aanzie kwenye waya huo, maana kidole kilikuwa cha mwisho kukumbukwa. Utajiri ulivaliwa mikononi na miguuni. Msafiri Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 za safari kutoka pwani, aliandika habari za vitindi, yaani waya mnene uliozungushwa mkononi mizunguko mingi mpaka ukawa mzigo. Alieleza pia vikuku vyembamba vya waya laini uliosokotwa juu ya nywele za mkia wa mnyama, kama twiga, vilivyovaliwa kwa wingi miguuni, kimoja juu ya kingine.

Waya laini wa namna hiyo, udodi, hupatikana kwa chamburo. Ni bamba la chuma lenye matundu ya ukubwa tofauti. Fundi huichonga ncha ya waya, akaipenyeza kwenye tundu, akaivuta kwa nguvu, kisha akahamia tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena, mpaka waya umekuwa kama uzi. Kipande kinachobaki mwishoni chatosha pete ya kidole, wala hakuna ambaye angekihesabu kuwa mali.

Tusidhani kwamba madini yote yalitoka pwani. Wanyamwezi walikuwa wakileta shaba nyekundu kutoka Katanga kabla Waarabu hawajajenga Kazeh. Msumbwa mmoja, Ngelengwa, mwana wa mfanyabiashara wa shaba, alihamia huko katika miaka ya 1850, akajiita Msiri na kuanzisha dola yake Bunkeya, akatawala mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa kuvuta waya wa shaba.

Lakini mtemi hakutambulikana kwa madini. Alama yake ilikuwa kisahani cheupe kilichokatwa kwenye kitako cha gamba la konokono wa Bahari ya Hindi. Pwani gamba hilo halikuwa na thamani kubwa. Thamani yake ilipanda kwa kila siku lililobebwa kuelekea magharibi. Mwaka 1854 Livingstone, akiwa katika nchi ya Walunda mbali na bahari zote mbili, aliambiwa kwamba magamba mawili yananunua mtumwa na matano yananunua pembe ya ndovu. Sijui kama kuna pambo lolote la dhahabu lililowahi kuuzwa kwa faida ya namna hiyo.

Pete ya kidoleni yenye maana yake yenyewe iliandamana na dini na barua. Mtume Muhammad alichongesha pete ya fedha yenye jina lake baada ya kuambiwa kwamba wafalme wa nje hawasomi barua isiyo na muhuri. Pete hiyo ilipotelea kisimani huko Madina wakati wa Khalifa Uthman, lakini desturi ilibaki: fedha kwa wanaume, kwa kuwa dhahabu wamekatazwa, na mara nyingi jiwe la akiki, ambalo Khambhat huko Bara Hindi imelichonga na kulisafirisha kwa karne nyingi. Katika biashara iliyokwenda kwa mkopo, kati ya Unguja, Tabora na Ujiji, muhuri ulikuwa na kazi kuliko urembo.

Dhahabu yenyewe ilifika Tabora kwa sababu ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na bila sarafu, waligonga katika karakana ya reli vipande 16,198 vya rupia 15, vyenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Maganda ya risasi, shaba ya njano ambayo zamani ingeishia mikononi mwa kina mama, yaligeuzwa sarafu za heller 20. Mwezi Septemba Wabelgiji wakauteka mji.

Pete ya ndoa ilikuja na wamisheni, ikazoeleka hata nje ya makanisa, na leo sonara yeyote huiuza bila kumuuliza mteja dini yake. Pete ya cheo ni habari nyingine. Tarehe 30 Septemba 2023, Protase Rugambwa, aliyekuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Tabora, alivikwa pete ya ukardinali na Papa Fransisko mjini Vatikani. Papa alipofariki mwaka 2025, Rugambwa alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumchagua mrithi. Tarehe 6 Mei, siku moja kabla ya uchaguzi kuanza, Pete ya Mvuvi, yaani pete ya upapa, ya Fransisko ilikwaruzwa mbele ya makardinali pamoja na muhuri wake wa risasi, ili mtu asije akagonga hati kwa jina la marehemu. Sababu hiyo mfanyabiashara wa Kazeh asingehitaji kuelezwa.