Kiwango cha waliokutwa na virusi: kusoma takwimu za mpakani

Wakati wa janga la UVIKO-19, redio na magazeti ya Kiswahili yalizoea kutangaza "kiwango cha maambukizi": jana asilimia 6, leo asilimia 8. Jina hilo ni fupi na lilienea haraka, lakini lilibeba maana isiyo yake. Msikilizaji alielewa kwamba katika kila watu mia mjini, wanane wana virusi. Wataalamu walikuwa wanasema jambo jingine: katika kila mia waliopimwa, wanane wamekutwa navyo. Ndiyo maana napendekeza "kiwango cha waliokutwa na virusi miongoni mwa waliopimwa". Ni kirefu, ila hakipotoshi. "Kiwango cha vipimo chanya" nacho ni sahihi, lakini kwa watu wengi neno chanya ni habari njema.

Hesabu yake ni ya sehemu, kama tulivyofundishwa shuleni: kiasi ni waliokutwa na virusi, asili ni waliopimwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa Koboko, wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wiki ya kwanza wanapimwa watu 200, wanakutwa 10. Hiyo ni asilimia 5. Wiki ya pili vifaa vimepungua, wanapimwa 40, wanakutwa 6. Anayetazama idadi ya wagonjwa peke yake atasema ugonjwa unaondoka. Anayegawanya atapata asilimia 15, na atashuku kwamba wengi hawajaonekana. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kiwango hiki kikae chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kabla ya masharti kulegezwa, ilimradi upimaji uwe mpana.

Huku West Nile, eneo letu la Arua na Koboko, asili, yaani waliopimwa, ndiyo ya kuchunguzwa zaidi. Arua ina kituo cha Vurra kwenye mpaka wa Congo. Koboko inapakana na Congo na Sudan Kusini, na lori litokalo Sudan Kusini laweza kuingilia Oraba. Mwaka 2020 madereva wa malori walipimwa mipakani, wawe wagonjwa au wazima. Dereva aliyetiwa kijiti cha pamba puani pale Oraba aliweza kuhesabiwa Koboko ingawa hakulala mjini hata usiku mmoja. Mwezi Mei mwaka huo Serikali ya Uganda iliwaondoa madereva wa kigeni katika jumla ya wagonjwa wa nchi. Jumla ikashuka, ugonjwa wenyewe haukupungua. Mkazi wa Arua aliyekwenda Hospitali ya Rufaa kwa sababu alikuwa anakohoa alikuwa katika kundi jingine kabisa, kwani wanaopimwa kwa dalili hukutwa na virusi zaidi. Makundi hayo yakichanganywa, asilimia inayopatikana haielezi hali ya lolote kati yake.

Kuna pia suala la muda. Mwanzoni mwa janga sampuli zilipelekwa hadi Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, hivyo majibu ya leo yalikuwa habari ya siku zilizopita. Tena kiwango cha wilaya inayopima watu 20 huruka asilimia 5 kwa mgonjwa mmoja tu. Mwelekeo wa wiki mbili au tatu una uzito kuliko tarakimu ya siku moja, na sifuri ya mahali pasipopimwa mtu haimhakikishii yeyote usalama.

Mwanzoni mwa 2021 tarakimu za Uganda zilikuwa ndogo, watu wakalegea. Wimbi la pili likapanda, na tarehe 18 Juni Rais Museveni akatangaza masharti makali ya siku 42. Ebola ya 2022 na mpox ya 2024 zimetukumbusha kwamba takwimu za aina hii zitarudi tena. Basi zikitangazwa, tuulize: wamepimwa wangapi, ni akina nani, na lini? Majibu yasipopatikana, tuendelee na tahadhari: tunawe mikono, tuvae barakoa penye msongamano, na mwenye homa awahi kituo cha afya.