Nani Alimuuliza Dereva Alilala Wapi? Filamu ya Parasite Ikitazamwa kutoka Bangale

Ikisiri

Makala hii inapinga rai kwamba filamu ya Parasite imewagusa watu kote duniani kwa sababu tofauti za kitabaka ni zile zile kila mahali. Nikiitazama kutoka Bangale, katika Kaunti ya Tana River, nadai kwamba kinachomshtua mtazamaji wa huko si ufukara wa akina Kim wala ukwasi wa akina Park. Kinachoshtua ni kwamba watu wanaoonana kila siku hawajuliani hali.

Utangulizi

Mei 2019 filamu hii ya mwongozaji wa Korea Kusini, Bong Joon-ho, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Februari 2020 ikapata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora, na ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo hiyo ya filamu bora. Korea Kusini kwenyewe ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 10. Bong alipoulizwa sababu ya mapokezi hayo, alisema kwamba sote tunaishi katika nchi moja iitwayo ubepari. Wahakiki wameikariri kauli hiyo mpaka imekuwa kama kanuni.

Kauli ni tamu, ila inamfanya mtazamaji kuwa kioo tu, akirudisha kile alichoonyeshwa. Mtazamaji huja na mizani yake. Bangale ni kituo kwenye barabara kuu ya Mwingi kwenda Garissa, katika eneo bunge la Bura. Ni nchi kavu ya wafugaji, Waorma na Wasomali wakiwa wengi, ambako maji ni ya visima, mabwawa ya kuchimbwa na laga zinazojaa mvua inaponyesha. Sidai kuwasemea wakazi wake wote. Ninachofanya ni kuiweka filamu mbele ya desturi za mahali na kuona panapokwaruzana.

Kimelea au kupe?

Mkwaruzo wa kwanza ni wa lugha. Alipopokea tuzo ya Golden Globe Januari 2020, Bong aliwahimiza watazamaji waruke kizuizi kidogo cha maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Afrika Mashariki kizuizi hicho kimeshavukwa kwa njia nyingine. Kenya ina DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina wasimuliaji wake, watu wanaoifunika sauti ya filamu kwa masimulizi yao, wakimpa jambazi jina la mtaani na kumcheka tajiri kabla hajafungua kinywa. Watazamaji wa vibanda vya video wamezoea filamu inayokuja na mtu wa kuijadili. Kwao kutazama ni kushiriki baraza.

Msimuliaji wa namna hiyo angeiitaje Parasite? Kamusi ya sayansi ingempa "kimelea", neno la maabara lisilomkera mtu. Yeye angechagua "kupe", na hapo siasa ingeingia bila kubisha hodi. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha la 1967, kupe alikuwa mnyonyaji, mwenye kuishi kwa jasho la wengine, na wito ulikuwa kumkatia mirija. Kwa msamiati huo kupe ni Bwana Park. Lakini katika filamu wanaoingia nyumbani kwa watu na kujishikiza ni akina Kim: kijana anajifanya mwalimu wa Kiingereza, dada yake mtaalamu wa sanaa, baba dereva, mama mtunza nyumba. Mfugaji anayepapasa masikio na kiwele cha ng'ombe wake kila jioni kutafuta kupe hawezi kulichukua neno hili kama fumbo tupu. Atauliza yuko wapi ng'ombe, na filamu inakataa kumjibu, kwa sababu akina Park nao hawawezi kupika, kuendesha gari wala kulea bila damu ya wengine.

Juu na chini

Bong ameujenga utabaka kwa ngazi. Nyumba ya akina Park iko kilimani; akina Kim wanaishi banjiha, chumba kilichozama nusu ardhini; na chini ya jumba la kitajiri kuna handaki ambamo Geun-sae, mume wa mtunza nyumba wa awali, amejificha miaka zaidi ya minne. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na vijana wakajibu kwamba aliye juu mfuate huko huko. Akina Kim ni wa jibu hilo la pili, na filamu nzima inauliza kama ngazi hiyo inapandika.

Bangale ni tambarare. Tajiri hakai mlimani, na utajiri wake hauonekani kwa ghorofa bali kwa idadi ya mifugo na umbali wa kufikia maji. Hata hivyo Tana River ina "juu" yake, iliyo mbali na macho. Mto Tana unashuka kutoka nyanda za juu ukipitia mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988. Yakijaa, maji hufurika kuelekea Garissa, Hola na Garsen. Mkulima wa Kipokomo ambaye shamba lake limezama hana kilima cha kukiangalia kwa hasira. Aliye juu yake hana sura.

Hapa ndipo tukio maarufu la mvua linapobadilika maana. Usiku mmoja mvua inawafukuza akina Kim chini kwa ngazi mpaka kwenye chumba kilichojaa maji machafu, nao wanalala katika ukumbi wa michezo pamoja na waathirika wengine. Asubuhi Kim Ki-taek, yule baba dereva, anamwendesha Bi Park kwenda kununua vitu vya sherehe. Bi Park anazungumza kwenye simu, akishukuru mvua iliyosafisha anga. Kisha anaikunja pua na kufungua dirisha.

Mtazamaji wa Seoul au London humchukia kwa shukrani ile. Wa Bangale hawezi kumchukia upesi hivyo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo na mizoga ikajaa kando ya njia. Mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa 2023, malisho yalichipua huku maji yakiikata barabara karibu na Madogo. Aprili 2024 yaliikata tena, na mashua ya kuvusha abiria ikapinduka Kona Punda, watu wakafa. Mvua ile ile ilikuwa baraka na msiba katika kaunti moja, na aliyeshukuru huenda alikuwa maskini kuliko aliyelia. Kwa hiyo kosa la Bi Park si kuiita mvua baraka. Kosa ni kwamba mtu ameketi mbele yake tangu asubuhi na hajamwuliza, "Umeamkaje?"

Mstari na salamu

Katika nchi ya wafugaji salamu haiishi kwa neno moja. Waorma huanza kwa amani, kisha watoto, mifugo, malisho, mvua. Ni adabu, na ni njia ya kupashana habari pia: ukimwuliza mtu ng'ombe wako hali gani, unajua kama maji ya upande wa kwao yamekauka. Bwana Park ana kanuni iliyo kinyume. Anamsifu dereva kwa kuukaribia mstari bila kuuvuka, na analalamika kwamba harufu ya dereva ndiyo inayouvuka.

Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu Waorma wa Tana River, anaeleza uhusiano wa namna nyingine. Mwenye mifugo mingi huajiri mchungaji, lakini hawezi kumsimamia porini. Ili asiibiwe wala kupuuzwa, humvuta aingie katika ukoo: humtunza kama mwana na huweza kumsaidia mahari. Tajiri huyu anataka mstari uvukwe, kwa kuwa usalama wa mali yake uko upande wa pili. Na harufu haiwezi kuwatenga, maana mwenye ng'ombe na mchungaji wote wananuka moshi na maziwa.

Pingamizi

Itasemwa kwamba ninaupamba ufugaji. Pingamizi hilo lina uzito. Undugu nao unaweza kuwa mrija. Ni wasichana wangapi wa kazi katika miji yetu wanaitwa "mtoto wa nyumbani" mwisho wa mwezi unapofika na mshahara haupo? Tena kujuana si kinga. Tarehe 22 Agosti 2012, kijijini Riketa katika delta ya Tana, watu zaidi ya 50 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima waliozoea kubadilishana maziwa na mahindi.

Lakini Riketa inatufundisha kuisoma filamu, haituzuii. Pigano kali zaidi katika Parasite ni la akina Kim na wenzao wa handakini, walio chini wakigombea nafasi ya chini, wakati wenye nyumba hawajui lolote. Katika delta pia, mkulima na mfugaji walikabana kwenye malka, njia za mifugo kufikia mto, wakati ambapo mipango mikubwa ya mashamba ya miwa ilikuwa imeshaikodolea macho ardhi hiyo hiyo.

Hitimisho

Sidai, basi, kwamba Bangale ina usawa ambao Seoul haina. Ninachodai ni kwamba ina kipimo kingine cha dhuluma, nacho ni haki ya kuulizwa hali. Kipimo hicho kinaanza kuchakaa pale mchungaji anapolipwa kwa simu na tajiri anayeishi Garissa au Nairobi, ambaye hajui laga gani imekauka. Mtazamaji wa Bangale akimwona Ki-taek ameshika usukani, nguo zake zimetoka kwenye rundo la misaada, dirisha la nyuma likiteremshwa kwa ajili yake, haoni tu habari za Wakorea. Anaona tajiri mmoja au wawili anaowajua, ambao siku hizi hutuma pesa mapema na kupiga simu kwa nadra.