Faida ya Ng'ombe: Hesabu ya Mfugaji na Hesabu ya Kampuni

Katika maandishi ya watawala wa kikoloni twaikuta lawama moja ikirudiwa tena na tena, kwamba mfugaji wa Kiafrika hupenda kuhesabu vichwa vya ng'ombe wake lakini hajui faida. Lawama hiyo haikufa pamoja na ukoloni. Hata baadhi yetu tuliosoma tumeirithi. Yafaa tuichunguze kwa kuitazama Ugogo, nchi ambako hesabu ya mfugaji na hesabu ya kampuni zilikutana juu ya ardhi moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikateketeza mifugo kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana. Kizazi kimoja baadaye vikaja Vita Vikuu vya 1914–1918. Majeshi ya Wadachi, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo ili yapate kula, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya. Mtu aliyeyapitia hayo alijifunza jambo ambalo halikuandikwa katika daftari la karani yeyote: mwenye ng'ombe watano akipoteza wanne amekwisha, bali mwenye hamsini akipoteza arobaini bado ana mbegu ya kuanzia.

Kwa hiyo wingi ulikuwa akiba. Majike walikuwa wengi zizini kwa sababu ndio wanaolirudisha kundi baada ya msiba, nao hutoa maziwa wakati huo huo. Tena mwenye mali hakuwaweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Aliwakabidhi wengine kwa jamaa na marafiki wa mbali; mtunzaji akapata maziwa na samadi, mwenyewe akabaki na haki ya ndama. Ukame au ugonjwa ukipiga bonde moja, lile jingine huenda likasalimika. Mfanyabiashara wa mjini akigawanya fedha zake namna hiyo tungemsifu kuwa ni mtu wa busara.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hesabu yake Kongwa: mpango wa karanga, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kati. Nchi hiyo ina mvua haba isiyotabirika, na udongo wake hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata kung'oa karanga ni kazi. Wenyeji, ambao karne nyingi walikuwa wameitegemea mifugo pale pale, walijua tabia za ardhi hiyo. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Na mashamba yaliyofyekwa kwa gharama hiyo yote yakafanywa nini? Yakawa malisho ya ng'ombe! Ranchi ya Kongwa, ambayo baadaye ilitiwa chini ya Kampuni ya Taifa ya Ranchi iliyoundwa mwaka 1968, ilizaliwa katika majivu ya karanga.

Hatusemi kwamba ranchi haikuleta jipya. Josho lilipunguza kupe na ndigana. Malambo yalisogeza maji karibu na majani. Madume ya Boran yaliongeza uzito wa ndama. Zebu wetu mdogo huchukua miaka minne au mitano kufikia umri wa kuchinjwa, na kila kiangazi hupoteza sehemu ya nyama aliyoipata masika. Mwenye kutaka faida ya nyama hana budi kuifupisha safari hiyo, ama kwa mbegu, ama kwa malisho, ama kwa kuuza maksai wake kabla kiangazi hakijamkondesha.

Lakini kuuza kwa bei gani? Hapo ndipo lawama ile ya zamani inapoanguka. Kiwanda cha Tanganyika Packers kule Kawe, mali ya serikali na kampuni ya Liebig, kilisindika nyama ya makopo. Nyama ya kopo hudai ng'ombe wa bei ya chini, na kiwanda kililalamika mara nyingi kwamba hakipati ng'ombe wa kutosha. Wakati huo huo wachuuzi na wenye mabucha walikuwa wakinunua minadani, kwa kuwa walilipa zaidi. Mfugaji aliyeambiwa hajui kuuza alikuwa akiuza. Hakutaka tu kumuuzia anayempunja. Kiwanda hicho hakipo tena, ijapokuwa jina lake limebaki Kawe.

Mnadani utamwona mzee akimshika maksai kamba, akisikiliza bei ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akimrudisha nyumbani bila kusema neno. Ana karo ya kulipa, lakini amekwisha kuona kuwa majani yangalipo na mnada mwingine utakuja.