Tanuru Lilizimika, Mhunzi Akabaki

Shuleni tulifundishwa kwamba kulikuwa na Zama za Mawe, zikaja Zama za Chuma, halafu kengele ikalia na mwalimu wa kipindi kingine akaingia. Tulikariri mahali chuma kilipofuliwa: Uhaya, Ufipa, Ugweno. Swali la mtihani lilikuwa lile lile kila mwaka, nasi tulijibu kwamba ukoloni uliua viwanda vya jadi, tukawekewa vema. Jibu lile si la uongo. Ila lina tundu kubwa, na ukitaka kuliona chukua kisu. Usichukue jembe, maana jembe ndilo lililotupoteza.

Uhunzi wa zamani ulikuwa kazi mbili, na vitabu vyetu vya shule vimezifunga furushi moja. Kazi ya kwanza ni kukitoa chuma ardhini. Kule Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, watu waliosha mchanga mweusi wa vijito mpaka ikabaki ile sehemu nzito yenye chuma, wakaiweka kwenye tanuru pamoja na mkaa, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi. Tunasema "waliyeyusha chuma", lakini kwa kweli chuma chenyewe hakikuyeyuka. Kinahitaji nyuzijoto 1,538 ndipo kiwe uji, na matanuru mengi ya namna hii hayakuendeshwa kwa shabaha hiyo. Kilichoyeyuka ni uchafu, ukatiririka na kuganda kama kioo cheusi. Kiswahili, ambacho hakioni haya, kinauita mavi ya chuma. Kilichobaki ni donge lenye matundu kama sifongo. Wafipa walikuwa na matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, halafu donge likasafishwa tena kwenye tanuru dogo.

Kazi ya pili ni kufua. Hebu lisikilize neno hilo. Tunafua nguo, tunafua nazi, tunafua chuma. Mhunzi hapo hahitaji mlima wala kijito. Anahitaji moto, nyundo, fuawe na kipande cha chuma, kitoke kitokako.

Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyechapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, anaeleza kwamba ukoo wa Washana ndio uliotawala Ugweno hapo zamani, na nguvu yake iliambatana na uhunzi. Kisha Wasuya wakawapindua. Fikiria hilo kidogo: serikali ya wafua chuma, karne nyingi kabla ya Mjerumani kukanyaga Tanga. Walipoondolewa madarakani hawakuacha nyundo. Leo jina Mshana limejaa kwenye orodha za wanafunzi, kwenye milango ya ofisi, kwenye vikundi vya harusi, na wengi wanaoliitikia hawajawahi kushika koleo. Majirani zao Wachagga, ambao mlima wao haukuwa na chuma cha kutosha, walipata madonge kutoka Upare na kuyafua wenyewe. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Uchaggani, aliandika mwaka 1912 makala ndefu kuhusu mhunzi na imani zilizomzunguka. Aliheshimiwa, aliogopwa, na nyundo yake iliweza kulaani.

Mtandaoni tunapenda zaidi habari ya Wahaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wazee wa Kihaya waliojenga upya tanuru kwa kumbukumbu za ujana wao, na kuhusu ustadi wa kale uliokuwa umejificha katika ujenzi ule. Kila baada ya miezi michache mtu huituma kwenye kundi la WhatsApp, tunaweka alama za moto na ngumi, tunaendelea na siku. Mimi pia huweka. Kinachonikera ni kwamba fahari hiyo inaishia kwa marehemu. Mhunzi aliye hai, anayeuza visu juu ya gunia siku ya gulio, hatumpi hata jicho la pili.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikiwa imeambaa chini ya milima ya Upare. Majembe ya Ulaya, yaliyokwisha kuanza kuingia, sasa yakawa na njia rahisi. Hapo tanuru halikuwa na ubavu. Donge moja lilidai siku nyingi za kuosha mchanga, kukata miti, kuchoma mkaa na kupuliza kwa zamu, wakati jembe lilikuwa linashushwa stesheni tayari limenyooshwa. Tanuru likazimika. Lakini bwana, reli haikuleta majembe peke yake, ilileta chuma chakavu. Vipande vya reli, boliti, mataruma ya chuma, baadaye malori na springi zake. Mhunzi aliyekuwa akibembeleza donge lenye matundu sasa akaokota chuma safi kuliko chochote alichopata babu yake. Kilichomshinda mwenye tanuru ndicho kilichomlisha mwenye nyundo.

Niliyemtembelea kazini ana karakana nyuma ya jiko la nyumba yake, mabati manne juu ya nguzo za mkaratusi. Fuawe lake ni kipande cha reli kilichopigiliwa kwenye gogo. Hewa inatoka kwenye feni inayozungushwa na ringi ya baiskeli. Kisu anakitoa kwenye springi ya gari: anaipasha mpaka iwe nyekundu, anaikata kwa tindo, anaipiga iwe nyembamba, anavuta msuka, ile sehemu itakayozama kwenye mpini. Kwa nini springi? "Nondo haishiki makali," alinijibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Maabara ingesema springi nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha chuma kukazika, na nondo nyingi za ujenzi hazifiki hapo.

Sehemu niliyoisubiri alinifanyia jioni. "Mwanangu, sogea huku gizani, mchana rangi inadanganya." Alipasha kisu mpaka kikawa kama papai lililoiva, akakigusisha sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Haikunata. Chuma kinapoteza uvutano huo kwenye nyuzijoto kama 770, naye anakipasha kidogo zaidi ya hapo. Kisha ncha chini, akakizamisha kwenye oili chafu ya injini. Maji hapana, maji yanakipasua. Kikatoka kigumu kiasi cha kukatika kama kioo, kwa hiyo akakisugua msasa kikang'aa, akalaza mgongo wake juu ya kipande cha chuma cha moto na kuinama. Rangi ilitambaa polepole kuelekea kwenye makali: manjano hafifu, halafu asali. Hapo hapo akakiondoa. Angechelewa ingekuja zambarau kisha buluu, na kisu kingekuwa kimerudi kuwa springi.

Dukani kisu cha kiwandani ni shilingi 2,000, kinang'aa, hakishiki kutu, na baada ya mwezi hakikati nyanya. Chake ni 10,000, kina mpini wa mpera, na usipokikausha kinafanya kutu. Wanaonunua ni wachinjaji na mama lishe. Wengine wote, yeye anasema, "wananisifia tu".

Tuna methali kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nimeisikia kwa wanasiasa, kwa wafanyabiashara, kwenye vibao vya nyuma vya daladala. Daima inamhusu mwenye kisu. Aliyekifua hatajwi.

Mzee aliniambia zamani kazi hii haikutoka nje ya ukoo, na mwanamke hakuruhusiwa kukaribia moto. Watoto wake wa kiume wako mjini, mmoja anauza simu. Anayezungusha ringi ni mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake, wa kidato cha tatu, ambaye kwa ubini wake hata si wa ukoo huo. Niliuliza wazee wenzake wanasemaje. Hakunijibu, alimwita yule binti aje aangalie kisu cha pili. Rangi ilipofika kwenye asali hakusema neno, alimwachia aamue. Binti akakitoa, akakigeuza, akapitisha tupa kwenye makali. Tupa iliteleza bila kukwangua.

"Haya," mzee akasema, "chonga mpini."