Tarehe ya Ivan Pylypiw, Aliyewatoa Watu wa Nebyliv

Ukifika Alberta ukauliza Mukraine wa kwanza kuhamia Kanada alikuwa nani, utatajiwa majina mawili kwa mkupuo: Ivan Pylypiw na Wasyl Eleniak. Walishuka pamoja Montreal kutoka meli ya Oregon tarehe 7 Septemba 1891, kwa hiyo kwa kukanyaga ardhi hakuna aliyemtangulia mwenzake. Wanaotaka kumpa Eleniak utangulizi wanaishia hapo. Hawaulizi shauri la safari lilitoka kwa nani, nani alirudi kuwaita wengine, wala nani alilala jela kwa ajili ya wito huo. Mtu huyo ni Pylypiw, na habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa mwaka 1859 Nebyliv, wilaya ya Kalush, chini ya milima ya Karpati, Galicia ilipokuwa mali ya kaizari wa Austria. Wakulima walikuwa wameachiwa kutoka utumwa wa mashamba tangu 1848, ila misitu ilibaki mikononi mwa mabwana, na mtu aliyezungukwa na miti alilazimika kununua kuni. Shamba nalo liligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi likawa vipande visivyolisha nyumba. Pylypiw alijua kusoma na kuandika, na kazi yake moja ilikuwa kutelemsha magogo kwa mto Limnytsia. Habari za Kanada alizisikia kwanza shuleni. Baadaye akazithibitisha kwa Wajerumani wa jirani, maana mwenzake wa shule, Johann Krebs, alikuwa amekwisha hamia huko, na wakaandikiana barua.

Akauza mifugo yake, akaondoka na wawili. Yurko Panischak, shemeji yake, alirudishwa njiani kwa upungufu wa fedha. Eleniak akaendelea naye.

Huko Kanada serikali ilikuwa ikitoa ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti mtu akae, alime na ajenge. Pylypiw alijiandikishia shamba karibu na Langenburg. Angeweza kubaki, kama Eleniak alivyobaki Gretna, Manitoba, akiwafanyia kazi Wamenoniti. Lakini mke na watoto walikuwa Nebyliv, na majira yale yale ya baridi akavuka tena bahari kuwafuata.

Kijiji kizima kilimiminika kumsikiliza. Ardhi ya bure! Wazee walimwuliza mara mbili, mara tatu, kama hakuna bwana anayeimiliki. Naye hakuishia kusimulia: alishirikiana na mawakala wa meli kuwaandikisha wasafiri na kupokea amana zao. Wakuu wa Austria hawakutaka kuwapoteza vibarua wala vijana wa jeshi. Mwaka 1892 wakamkamata, wakamshitaki kwa udanganyifu na uchochezi, wakamfunga. Hapo hakimu alimfanyia kazi ambayo Pylypiw peke yake asingeiweza, kwani kesi iliyatangaza vijijini kote yale aliyoshitakiwa kuyasema. Yeye akiwa bado kifungoni, familia kadhaa za Nebyliv zilifunga mizigo zikaondoka bila ya kiongozi wao.

Alipoachiwa akawachukua mkewe na watoto, wakaondoka 1893. Walipita Winnipeg, na yeye akafanya kibarua Dakota Kaskazini kutafuta fedha za kuanzia. Mwaka 1894 wakafika Edna, mashariki ya Edmonton, mahali panapoitwa sasa Star, si mbali na Wajerumani aliowajua kutoka nyumbani. Hapo ndipo makazi ya Waukraine yaliyo ya kale kuliko yote Kanada yaliposhika mizizi. Familia nyingi zilianza katika vibanda vilivyochimbiwa ardhini na kuezekwa kwa udongo na nyasi. Zikajenga majiko makubwa ya udongo, zikaendelea kula kutia ya ngano na asali katika mkesha wa Krismasi ya kalenda ya kale, inayoangukia tarehe 7 Januari, na kuchora mayai ya Pasaka kwa nta.

Nao ugomvi wa Star hauwezi kurukwa. Mwaka 1897 padri Nestor Dmytriw, wa Wakatoliki wa ibada ya Mashariki, aliwasomea misa, na mwaka huo huo wakaja makasisi wa Kiorthodoksi wa Urusi. Waumini wakapasuka, jirani kwa jirani, na kila upande ukadai kanisa ni lake. Wakaburuzana mahakamani, kesi ikapanda ngazi baada ya ngazi hadi London, kwenye Baraza la Faragha la mfalme, nako mwaka 1907 Waorthodoksi wakapewa ushindi. Fikiri wakulima wasiojua Kiingereza, wametoka juzi katika vibanda vya udongo, wanawapa kazi mawakili wa London kwa kanisa la magogo! Uchungu wa hukumu ile ulibaki vizazi.

Turudi kwenye madai. Wako wanaomwita Dkt. Osyp Oleskiw baba wa uhamiaji. Msomi huyu wa Lviv aliitembelea Kanada mwaka 1895, akaandika vijitabu vilivyosomwa sana Galicia. Hatumnyimi haki yake, lakini alipofika Edna aliwakuta watu wamekwisha lima. Kufikia 1914 waliohamia walikuwa kiasi cha 170,000. Vita vilipozuka, Kanada iliwahesabu kuwa raia wa Austria, yaani wa adui. Katika watu zaidi ya 8,500 waliotiwa kambini, wengi walikuwa Waukraine.

Mwaka 1932 Profesa Ivan Bobersky alimhoji Pylypiw na kuyaandika aliyoyakumbuka, na mengi yasemwayo juu ya safari ile yametoka kinywani mwake. Alifariki 1936. Nyumba yake ilihamishiwa Kijiji cha Urithi wa Waukraine, kando ya barabara kuu namba 16, mashariki ya Edmonton. Eleniak, aliyezaliwa naye mwaka mmoja, alirudi kuichukua familia yake, akahamia Chipman, Alberta, mwaka 1898. Januari 1947, katika sherehe ya Ottawa ambapo waziri mkuu Mackenzie King alipewa cheti namba 1 cha uraia wa Kanada, naye alipewa chake, Pylypiw akiwa amekwisha fariki zaidi ya miaka kumi. Eleniak aliishi hadi 1956.