Uzamiaji wa Mtungi wa Hewa: Kwa Nini Tusiseme Oksijeni

Neno skuba limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayotaja chombo cha kupumulia majini ambacho mzamiaji hujibebea mwenyewe, bila bomba la kumfunga na mashua. Kiswahili kina kupiga mbizi, lakini mbizi ni ya pumzi moja: mtu huvuta hewa, akaibana, akazama na kurudi. Mwenye mtungi mgongoni huendelea kupumua chini ya maji, na tofauti hiyo yastahili istilahi yake. Uzamiaji wa mtungi wa hewa ndiyo inayofaa, na uzito wake uko katika neno la mwisho, kwa kuwa wengi husema "mtungi wa oksijeni".

Mtungi wa kawaida, uwe wa mwanafunzi kwenye matumbawe ya Mnemba, Zanzibar, au wa mwokoaji katika Ziwa Kivu, hushindiliwa hewa hii hii tuivutayo: oksijeni asilimia 21 hivi na nitrojeni 78. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 hivi huweza kuleta degedege, na degedege majini huua. Nitrojeni nayo huyeyuka mwilini kadiri mgandamizo unavyozidi. Mzamiaji akipanda upesi, nitrojeni hiyo hutoka kwa viputo viumizavyo viungo, hata kupoozesha. Jina linaloificha nitrojeni huificha sababu ya kupanda polepole. Bukavu, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, una haja zaidi ya kulijua hili. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake ni nyepesi. Baharini, mgandamizo wa mita 10 ni mara mbili ya ule wa juu ya maji; hapa uwiano huo wazidi mara mbili, hivyo majedwali ya kuzamia baharini hayatumiki ziwani bila kurekebishwa.

Atakayepinga atasema kwamba chombo cha daktari Mmarekani Christian Lambertsen, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kilitumia oksijeni kweli. Ni sahihi, lakini uzamiaji wa leo umefuata chombo cha Jacques Cousteau na Émile Gagnan cha mwaka 1943, chenye hewa iliyoshindiliwa. Mwingine atasema watu wamekwisha kuzoea, na maana yaeleweka. Lakini mzamiaji aliyedhuriwa na viputo hupewa oksijeni tupu kama huduma ya kwanza. Basi mitungi miwili tofauti yaweza kuwa ndani ya mashua moja, mmoja wa kuzamia, mwingine wa kutibu. Kuipa jina moja ni kukaribisha mkono ukosee.

Kwa hiyo walimu, watangazaji wa redio na waokoaji wa Kivu waseme mtungi wa hewa kwa anayezama, na mtungi wa oksijeni kwa anayetibiwa.