Mteremko wa Msokoto: Injini, Tairi na Udongo wa Safari Rally

Msimu mmoja wa masika basi letu lilisimama nyuma ya lori lililotitia kwenye udongo mwekundu. Utingo alikuwa amekwisha kutandika matawi na mawe chini ya matairi ya nyuma. Dereva, kijana mwenye haraka zake, alitia gia ya kwanza na kukanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, matope yakaruka hadi kwenye turubai, na lori likazidi kuzama. Mzee mmoja katika abiria wetu, ambaye baadaye nilisikia kwamba aliwahi kuendesha malori ya masafa marefu, alisogea dirishani.

"Mwanangu, weka gia ya pili. Achia klachi pole pole, mafuta usiyaguse."

"Mzee, ya kwanza imeshindwa, ya pili itaweza?"

"Ya kwanza haikushindwa. Imezidi."

Lori lilitoka. Makala hii inatetea jibu la mzee yule mbele ya watu wa aina mbili: wanaopima gari la mashindano kwa nguvu za farasi, na wanaowacheka hao wakidai kwamba siri yote iko kwenye kile ambacho gerejini huitwa toki. Hoja yangu ni kwamba kambi zote mbili hutazama ukubwa wa namba pale ambapo zingepaswa kutazama umbo la mchoro unaoonyesha msokoto wa injini kadiri mizunguko inavyopanda. Gari linapopigania mshiko, linaloamua ni upande ambao msokoto wa injini unaelekea pindi tairi linapoanza kuteleza.

Nimesema msokoto badala ya toki, na neno hilo nitaendelea nalo, kwa kuwa hicho ndicho krenki inachofanyiwa: inasokotwa. Ukikaza nati ya gurudumu kwa spana ya nusu mita na kuiegemea mwishoni kwa kani ya nyutoni 200, umetoa msokoto wa nyutonimita 100. Nati isipozunguka hata kidogo, msokoto upo palepale. Kazi ndiyo haijafanyika. Nguvu huingia pale mzunguko unapoanza, kwa maana nguvu ni msokoto uliozidishwa kwa kasi ya kuzunguka. Hesabu yake haina fumbo: chukua nyutonimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Farasi aliingia katika habari hii kwa sababu James Watt alihitaji kuwauzia mitambo ya mvuke watu waliozoea kuajiri farasi, na farasi wake wa kwenye karatasi ana wati kama 746.

Kutokana na hesabu hiyo, giaboksi inaweza kuongeza msokoto kadiri inavyotaka, ila haiwezi kuongeza nguvu. Inafanya kazi ya mtu anayechenji noti: unampa noti moja ya elfu kumi, anakurudishia noti ndogo ndogo zinazojaza kiganja, thamani ikiwa ileile. Kwa hiyo anayejivunia msokoto mkubwa wa krenki bila kutaja gia anahesabu noti bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Kani inayosukuma gari katika kasi fulani ni nguvu iliyofika kwenye magurudumu ikigawanywa kwa kasi hiyo. Hapo wapenzi wa farasi wana haki kabisa, isipokuwa wamesahau sharti moja: tairi likubali.

Tuchukue gari la mfano lenye kilo 1,400 pamoja na dereva na msaidizi wake, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na injini ya kilowati 220, sawa na takriban farasi 300. Kwenye murram kavu tukadirie kwamba msuguano wa tairi na ardhi ni 0.6 ya uzito. Kani kubwa kuliko zote ambayo ardhi itakubali kuipokea ni karibu nyutoni 8,200. Ukigawanya nguvu kwa kani hiyo, na kuuacha kando upinzani wa hewa, unapata mita 26.7 kwa sekunde, yaani kilomita 96 kwa saa. Chini ya kasi hiyo injini ina ziada, na mchapuko wa gari unaamuliwa na ardhi. Juu yake mambo yanageuka: tairi lina nafasi, injini ndiyo inayopungukiwa. Kwenye lami nzuri, ambako tairi la mashindano linaweza kupata 1.1, mpaka huo hushuka hadi kilomita 52. Kwenye tope la 0.3 hupanda kupita 190, kasi ambayo hakuna mwenye akili timamu ataifikia kwenye tope. Humo farasi wengi kati ya wale 300 wamefungwa zizini.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, likiwa na asilimia 60 ya uzito huko nyuma, mpaka wake kwenye murram ileile ni kilomita 160. Kwa karatasi, basi, lingepaswa kuzomewa. Safari Rally ya miaka ya 1980 inatupa kesi ya kuijaribu karatasi hiyo. Mashindano haya, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa ya maelfu ya kilomita katika barabara zisizofungwa. Audi Quattro ilikuwa imebadilisha mbio za magari duniani kwa kusukuma magurudumu manne. Lakini mwaka 1983 Safari ilichukuliwa na Ari Vatanen katika Opel Ascona 400 ya kusukumwa nyuma, kisha Toyota Celica Twin Cam Turbo, nayo ya kusukumwa nyuma, ikashinda mara tatu mfululizo: Björn Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Audi ilisubiri hadi 1987, Hannu Mikkola aliposhinda na gari kubwa zaidi, Audi 200.

Maelezo yaliyozoeleka ni uimara: Celica ilikuwa na vitu vichache vya kuvunjika. Sina ugomvi nayo, ila hayajibu kwa nini udhaifu wa mshiko haukuigharimu zaidi. Jibu liko kwenye mpaka ule. Faida ya magurudumu manne hupatikana wakati wa kuongeza kasi kutoka chini, hasa kila unapotoka kwenye kona. Njia za Safari ya zamani zilikuwa na manyoofu marefu ambamo gari lilishapata kasi yake na kuishikilia, na hapo magurudumu mawili yalitosha kupitisha kani ndogo iliyohitajika. Ingekuwa ni njia za msituni zenye kona kila baada ya mita 100, nadhani Celica ingeachwa vibaya.

Hata hivyo mpaka kati ya mshiko na nguvu unatueleza kiasi tu. Hautuelezi kwa nini madereva wawili wenye msokoto sawa, juu ya ardhi ileile, mmoja anaondoka na mwingine anachimba shimo. Turudi kwenye tairi. Tairi linapoanza kuteleza, linazunguka haraka kuliko gari linavyokwenda, na kwa kuwa limefungwa kwenye injini kupitia difu na giaboksi, injini nayo inapanda mizunguko. Swali ni moja: huko juu ilikopanda, injini ina msokoto zaidi au pungufu? Ikiwa pungufu, mtelezo unajipoza. Kani inashuka yenyewe, tairi linarudi kushika, na dereva huenda asijue kwamba lilikuwapo tatizo. Ikiwa zaidi, mtelezo unajilisha. Kila mzunguko wa ziada unaleta msokoto wa ziada, na msokoto huo unaleta mzunguko mwingine.

Injini za turbo za magari ya rally ya kundi B, yale yaliyopigwa marufuku mwishoni mwa 1986 baada ya dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto kufa huko Corsica, zilikuwa za aina ya pili. Turbo kubwa ya siku zile ilihitaji moshi mwingi kabla haijaamka. Dereva alikanyaga mafuta, akasubiri, kisha msokoto ukamjia wote kwa pamoja, tena pale mizunguko ilipokuwa ikipanda. Lancia walijaribu kuliziba pengo hilo katika Delta S4 kwa kuipa injini moja vikandamiza-hewa viwili: kimoja kilichozungushwa na krenki kwa mizunguko ya chini, na turbo kwa ya juu. Nauona uamuzi huo kama ungamo. Watu waliokuwa na nguvu kupita kiasi walikubali mzigo wa vyuma vya ziada ili tu kulainisha mteremko wa msokoto.

Dawa kamili ilikuja kupitia kanuni, karibu kwa bahati. Kuanzia 1995 magari ya juu ya rally yalilazimishwa kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 34. Hewa ikifika kasi ya sauti kwenye koo la tundu hilo haiongezeki tena, hata turbo ivute vipi. Umuhimu wake ulionekana mwaka huohuo, Toyota walipogunduliwa kuwa na mtambo uliofungua upenyo wa siri kuipitisha hewa kando ya tundu. FIA, shirika linalosimamia mbio za magari duniani, iliwafungia miezi 12, na rais wake, Max Mosley, aliwaadhibu huku akisifu ustadi wa waliousanifu. Hewa ikiwa na kikomo, nguvu nayo ina kikomo, takriban kilowati 220 kwa hesabu yetu. Wahandisi wakaacha kuikimbiza juu na kuanza kuifikia mapema. Injini itoayo kilowati 220 kwa mizunguko 7,000 ina nyutonimita 300. Ikiweza kuzitoa kwa mizunguko 4,000, ina 525.

Wapenzi wa toki hushangilia hiyo 525, na wanashangilia kitu kisicho chake. Katika kasi moja, kani kwenye gurudumu ni ileile, iwe kwa mizunguko 4,000 na gia ndefu au 7,000 na gia fupi. Faida ya kweli ni kwamba kati ya namba hizo mbili msokoto unashuka kutoka 525 hadi 300. Mchoro mzima umelalia upande unaopoza mtelezo. Tairi likiruka juu ya jiwe na kuzunguka hewani, injini inapanda na kulegea. Likitua, linakutana na msokoto mdogo kuliko uliokuwapo kabla ya kuruka. Kanuni iliyokusudiwa kupunguza kasi ilizaa injini inayoelewana na udongo kuliko zote zilizotangulia.

Pikipiki zinathibitisha jambo hilo kwa ukali, kwa kuwa huko kosa linamtupa mtu. Honda NSR500 ya 1992 ilipangwa upya mpangilio wa milipuko ya silinda zake nne, zikalipuka kwa kukaribiana, kisha kukafuata kimya. Wakimbiaji walisema tairi la nyuma linashika vizuri zaidi. Maelezo ya wengi ni kwamba tairi hupata pumziko kati ya milipuko. Baadaye Yamaha, ilipoleta krenki yake ya umbo la msalaba mwaka 2004 kwa ajili ya mkimbiaji wake Valentino Rossi, ilitoa hoja tofauti: pistoni zenyewe, kwa kwenda na kusimama, huzaa msokoto wa kelele unaoufunika ule wa mafuta, na mkimbiaji anapoteza habari. Mimi naegemea kwa Yamaha. Mkono hauwezi kudhibiti usichokihisi, na hoja ya pumziko huniwia vigumu kuiamini kwa tairi linalopokea milipuko mamia kwa sekunde.

Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, safari hii ikizunguka Naivasha, ilikuja na jambo lingine la kutazama: mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na msongamano wa hewa yake ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Injini inayovuta kupitia tundu lenye kikomo hupoteza takriban sehemu ya tano ya nguvu, na turbo haiwezi kuifidia kwa kuwa kizuizi kiko kabla yake. Kati ya 2022 na 2024 magari ya juu ya mashindano hayo yalibeba pia mota ya umeme ya kilowati 100, isiyojali hewa. Kwa hiyo uwiano wa umeme kwa petroli ulikuwa mkubwa Naivasha kuliko kwenye mbio za pwani. Kwenye vumbi laini kama unga la Kedong, kimojawapo cha vipande vya mashindano hayo, ziada hiyo ya umeme ilikuwa na kazi ndogo. Anayesimama pale husikia madereva wakipandisha gia mapema, injini ikinguruma chini kabisa huku gari likielea, jambo ambalo mzee wa lori angelitambua kwa masikio tu.

Jijini Nairobi, kilomita chini ya 100 kutoka hapo, vijana wa Subaru hulipia gari zao zifungwe turbo kubwa zaidi, kisha hupiga picha karatasi ya mashine ya kupimia nguvu. Subaru Impreza ilishinda Safari 1997 na 2000, kwa hiyo mapenzi yao yana asili ya heshima. Niliwahi kuonyeshwa karatasi mbili za gari moja, kabla na baada. Namba ya juu ilikuwa imepanda vizuri. Lakini mstari wa msokoto, ambao mwanzo ulipanda kidogo, ukalala, ukashuka, sasa ulikuwa chini kabisa hadi mizunguko 4,500, kisha ukasimama wima kama ukuta. Nilimuuliza mwenye gari linakwendaje mvua ikinyesha. Alicheka, akasema siku za mvua anatumia la mke wake.